Sema Ulichomwa Wapi

Hotuba hii niliitoa mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbele ya wanawake waliotibiwa saratani na jamaa zao wanaowauguza. Inahusu mishipa ya damu inayoweza kuziba miaka mingi baada ya mtu kuchomwa mionzi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeacha salamu ndefu na maswali yaliyofuata.

Wazee wetu, mama zangu, dada zangu, masheikh na wachungaji mlioketi pale mbele, na nyinyi vijana mliowaleta mama zenu kwa bodaboda alfajiri hii: hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme kwa Kiswahili, na nimefurahi. Humu ndani wamo Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wanubi, na wamo ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Ningesema Kilugbara, nusu ya ukumbi ingebaki inatazama dari, na jambo nililokuja nalo leo sitaki limpite mtu.

Mimi ni muuguzi wa thieta. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kusimama kando ya daktari mpasuaji, kumkabidhi mkasi, uzi na koleo, na kuhesabu vitambaa kabla tumbo halijafungwa. Nimeona mengi ndani ya mwili wa binadamu. Lakini hili la leo sikulijulia thieta. Nililijulia kwenye mguu wa dada yangu mkubwa, na nilichelewa.

Mwaka 2003 dada alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Siku zile nchi nzima ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, ile ya kobalti pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliyoletwa mwaka 1995. Dada akapanda basi la usiku: Nebbi, Pakwach, Karuma, karibu kilomita 500 hadi Kampala. Alichomwa mionzi siku 5 kwa wiki, wiki 5, jumla mara 25, kisha akapewa na ile mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Alirudi amekonda, ngozi ya kinena imeiva na kuwa nyeusi. Lakini alirudi. Mwaka ukapita, ikapita miwili, ikapita mitano. Akaozesha binti, akapata wajukuu, akarudi sokoni kuuza samaki wake wakavu. Nyumbani tukasema saratani imekwisha, yaliyobaki ni kumshukuru Mungu.

Mwaka 2022 dada akaanza kusimama njiani.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ugonjwa wenyewe huanza hivi, taratibu, bila kelele. Kutoka nyumbani kwake hadi sokoni ni mwendo wa kama nusu saa. Mwanzoni alisimama mara moja, chini ya mwembe ulio karibu na soko. Shavu la mguu wa kushoto lilikaza kama limefungwa kamba, na kalio nalo likauma. Akipumzika kidogo, maumivu yanaisha kabisa, anaendelea. Baada ya miezi michache mwembe ukawa mbali, akawa anasimama msikitini. Baadaye msikiti nao ukawa mbali, akawa anashika uzio wa jirani. Kliniki moja ikamwambia ni baridi yabisi, akachomwa sindano za maumivu. Na mimi, dada mtu, muuguzi wa miaka mingi, nilimwambia kwenye simu: dada, ni umri huo, jipake dawa ya kuchua.

Nikaja likizo. Usiku nikamkuta amelala na mguu mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiuweka juu unaungua moto, nikiushusha unatulia." Niliposikia hivyo moyo wangu uliruka. Nikawasha tochi ya simu nikautazama mguu. Kidole cha mwisho alikuwa amekijikwaa kwenye jiwe wiki sita nyuma, na kidonda bado kibichi, pembeni kimeanza kuwa cheusi. Nikashika mgongo wa wayo kutafuta mapigo ya damu. Hakuna. Nikashika nyuma ya kifundo. Hakuna. Nikashika kinenani, mahali ambapo hata mtoto mdogo unayasikia mapigo yanagonga kidole. Upande wa kushoto palikuwa kimya.

Tulipomfikisha Kampala, daktari kijana alimuuliza maswali ya kawaida. Una kisukari? Hapana. Unavuta sigara? Hapana. Presha? Kidogo. Kisha akauliza, "Mama, umewahi kutibiwa kwa mionzi?"

Dada akasema hapana.

Mkwe wake alikuwa amesimama pale mlangoni. Dada hakutaka kutaja shingo ya kizazi mbele ya mkwe. Ni mimi niliyefungua mdomo nikasema, ndiyo daktari, mwaka 2003, kwenye nyonga. Yule kijana akaweka kalamu chini, akanitazama, akasema, "Sista, hapo umenisaidia sana." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dada yangu mguu wake ulikuwa unakufa kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza mapema, nami nikiwa wa kwanza kati ya wasiouliza.

Sasa niwaeleze kinachotokea ndani.

Damu safi inatoka moyoni kwa mishipa inayoitwa ateri. Ateri ina ukuta wenye tabaka, na ukuta huo nao ni nyama hai, unahitaji chakula chake. Una vijishipa vyembamba kama nywele vinavyoulisha kutoka nje. Mionzi inapopita, huua seli za saratani, na hiyo ndiyo kazi tuliyoituma. Lakini njiani huunguza pia ile ngozi laini inayopaka ndani ya ateri, na huviziba vile vijishipa vya nywele. Ukuta wa ateri unaanza kushinda njaa. Haufi siku hiyo. Unakakamaa mwaka hadi mwaka, unajaa makovu, mafuta ya damu yanapata mahali pa kushika, na njia inazidi kuwa nyembamba. Huweza kuchukua miaka 5, 10, 20, hata zaidi. Ndiyo maana mtu haoni uhusiano. Nani atafikiri kwamba mguu unaouma leo unatokana na tiba aliyoipata binti yake akiwa darasa la pili?

Mtu ataniuliza: kwa nini basi madaktari wasikwepe hiyo ateri? Ni swali la haki. Saratani ikitaka kutembea mwilini mara nyingi hupitia kwenye tezi za limfu, hizi ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Na Mungu alivyotuumba, tezi hizo zimejipanga ubavuni mwa ateri kubwa kama maduka kando ya barabara: nyongani ziko hivyo, kwapani ziko hivyo, shingoni ziko hivyo. Ukitaka kuziunguza tezi, ateri iko palepale. Mashine za sasa zinalenga vizuri kuliko ile kobalti ya zamani, na zinaokoa matumbo na kibofu na moyo kwa kiasi kikubwa. Lakini ateri iliyo katikati ya tezi zenyewe ni vigumu kuikwepa.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa maana najua mtakaporudi nyumbani kuna mtu atasema, yule sista wa leo amesema mionzi inaharibu miguu, usiende. Sikusema hivyo, na ninawasihi msilipeleke hivyo. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote hapa Uganda. Bila mionzi dada yangu angezikwa mwaka 2004 au 2005. Mguu wake uliziba baada ya kuishi miaka 19 ambayo asingeipata. Ugonjwa huu hauwapati wengi, na huwapata watu waliopona. Ukiambiwa leo ukachomwe mionzi, nenda, na uzimalize siku zote ulizopangiwa, usiruke hata moja.

Ateri ikiziba, dalili zake zinategemea ulichomwa wapi. Nyonga nimeshawaeleza. Walio na saratani ya titi, wakachomwa hadi kwapani: mkono wa upande ule unaweza kuchoka haraka ukianika nguo au ukisuka nywele, vidole vinakuwa baridi, mapigo ya kifundo cha mkono yanakuwa dhaifu kuliko ya upande wa pili. Waliochomwa shingoni kwa saratani ya koo au ya nyuma ya pua: ateri inayopeleka damu kwenye ubongo ndiyo iliyo hatarini. Ukiona uso umepinda, mkono umelegea, maneno yanagongana mdomoni, au jicho moja limeingia giza kama pazia limeshuka, hata kama limepita baada ya dakika 10 na ukajisikia mzima, nenda hospitali siku ileile. Usilale nalo. Wale waliochomwa miguuni kwa ajili ya saratani ya Kaposi nao waiangalie miguu yao.

Na moyo. Mionzi ya titi la kushoto, au ya kifua kwa vijana waliougua uvimbe wa Hodgkin, ile saratani ya tezi za limfu, inaweza kufika kwenye ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Mwaka 2013 ulitoka utafiti uliowachunguza wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmark waliochomwa mionzi kwa saratani ya titi. Ilionekana kwamba kila grei moja ya wastani iliyofika moyoni, grei ni kipimo cha dozi ya mionzi, iliongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa moyo kwa asilimia 7.4. Hatari ilianza ndani ya miaka 5 ya kwanza na iliendelea kuonekana hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo kifua kinachobana ukipanda mlima, kwa mwanamke aliyechomwa kifuani, kisiitwe vidonda vya tumbo mpaka moyo upimwe.

Narudi kwenye mguu, kwa sababu ndio ninaoujua vizuri zaidi.

Kampala walimpima dada kwa kitu rahisi sana. Wanapima presha ya mkono, wanapima presha ya kifundo cha mguu kwa kimashine kinachosikiliza damu, wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Kwa mtu mzima jibu ni 1 au zaidi kidogo. Likishuka chini ya 0.9, ateri ina tatizo. La dada lilikuwa 0.4. Akafanyiwa skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, nasi tukaiona kwenye kioo: ateri ya nyonga ya kushoto imeshuka vizuri, kisha imekatika kama barabara iliyosombwa na mafuriko, kisha inaanza tena chini, pajani, ikilishwa na vijishipa vya kuombaomba.

Kwanza walijaribu njia nyepesi. Kuna waya mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, ukipita palipoziba unafuatishwa na puto la kupanulia, halafu kinawekwa kibomba cha wavu kinachoitwa stenti. Kwa wagonjwa wengi hiyo inatosha, na ni sahihi kuanza nayo, hasa penye nyama iliyochomwa mionzi ambayo haipendi kisu. Kwa dada waya ulikataa. Palikuwa pamekakamaa mno, na paliziba kwa urefu mkubwa. Ikabaki kuchepusha.

Mnaosafiri Kampala mnaijua Northern Bypass, ile barabara ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega. Gari la Arua linalokwenda Masaka halina haja ya kuingia katikati ya jiji likae kwenye foleni. Linazunguka pembeni, linatokea ng'ambo. Upasuaji huu ni huohuo. Palipoziba hapaguswi. Mpasuaji anashona bomba kwenye ateri nzima iliyo juu, analipitisha pembeni, anashona ncha ya pili kwenye ateri nzima iliyo chini, na damu inapita humo. Daktari Kunlin alifanya hivyo Paris mwaka 1948 kwa kutumia mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe, na mpaka leo vena yako mwenyewe ndiyo bomba bora kwa mguu. Penye safari ndefu hutumika mshipa wa bandia.

Ugumu uko kwenye neno moja: pembeni. Pembeni ya wapi?

Nimesimama thieta tukifungua watu waliowahi kuchomwa mionzi. Nyama ya kawaida ina tabaka, kidole kinapita katikati yake bila kulazimisha. Nyama iliyochomwa tabaka zake zimeshikana kama ukoko na sufuria. Utumbo umeganda na kibofu, mrija wa mkojo umezama kwenye makovu, kisu kikiteleza kidogo umetoboa. Na hata ukifaulu kupita, kidonda hakifungi, kwa sababu ile ngozi haina damu ya kutosha kukiponya. Kidonda kisipofunga wadudu wanaingia. Wadudu wakilifikia bomba la bandia hakuna dawa itakayolisafisha. Mara nyingi linabidi kutolewa, na mguu unaweza kuondoka nalo, au mtu mwenyewe. Kwa hiyo mpasuaji kabla hajashika kisu lazima ajue mpaka: mionzi ilianzia wapi na kuishia wapi.

Na sasa ndipo ninapofika kwenye karatasi.

Dada yangu ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kuna kadi za chanjo za watoto, hati ya shamba na picha ya marehemu mumewe. Na humo mlikuwa na karatasi moja imekunjwa mara nne, rangi imekuwa ya chai, pembe imeliwa na mende. Mpwa wangu aliipiga picha na kunitumia kwenye simu. Iliandikwa kwa mkono: sehemu iliyochomwa, nyonga nzima, mara 25, dozi, grei 50, mpaka wa juu na mpaka wa chini, kwa kufuata mifupa.

Mpasuaji aliisoma mara mbili. Kisha akamwomba dada alale chali, akatafuta kwa vidole mfupa wa kiuno na mfupa wa nyonga, akachukua kalamu ya wino akamchorea mraba tumboni. Juu ya kitovu kidogo tu, ukashuka hadi chini ya kinena, pande zote mbili. Akasema, "Humu ndani siingii." Akaanza kutueleza huku anaonyesha kwa kalamu. Kutoka kwenye ateri kubwa ya tumboni? Iko ndani ya mraba, na utumbo umeganda juu yake. Kutoka paja la kulia, kuvuka juu ya kinena kuja la kushoto? Njia hiyo hutumika sana, ni fupi, lakini ngozi yote ya hapo imechomwa, na skani inaonyesha ateri ya kulia nayo imeshaanza kupungua, kwa kuwa nayo ilikuwa mle mle. Ukiazima damu kwa maskini mtakufa njaa wote wawili.

Akaweka kalamu chini ya mtulinga, karibu na bega la kushoto. Hapo mionzi haikufika. Akavuta mstari ukapita ubavuni, juu ya mbavu, nje ya nyonga, nje kabisa ya ule mraba, ukaishia katikati ya paja, chini zaidi ya pale ngozi nyeusi inapoishia. Waendesha bodaboda wangeiita njia ya panya. Madaktari wanaijua tangu daktari Blaisdell na mwenzake walipoiandika kule San Francisco, Marekani, mwaka 1963, na ni kwa ajili ya watu kama dada, ambao tumbo lao haliingiliki.

Tuliuza ng'ombe wanne na kipande cha shamba. Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa thieta. Kwa miaka yote ile nimekuwa upande wa ndani, sikuwahi kujua saa ya ukutani inavyokwenda polepole upande wa nje. Dada alipewa nusukaputi saa tatu asubuhi. Waliweka mshipa wa bandia mweupe, unene wa kalamu, wenye pete ndogondogo za kuuzuia usibonyee, wa asili moja na ile tefloni inayopakwa kwenye vikaango. Saa saba na nusu mpasuaji alitoka akaniambia, njoo ushike mguu. Nikaushika. Ulikuwa wa moto. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu nikalia.

Kidole kile cheusi kilikatwa wiki iliyofuata, hakikuweza kurudi. Kidonda kilifunga baada ya miezi miwili. Mguu upo.

Njia hii ndefu ina masharti yake, na haidumu kama ile fupi ya kupitia tumboni. Inaweza kuziba siku yoyote. Dada anakunywa asprini kila siku na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu. Halalii ubavu wa kushoto. Akivaa gomesi, mshipi wa kiunoni tunaufunga umelegea, kwa sababu ukikazwa unaweza kulibana bomba. Mjukuu habebwi mgongoni kwa kanga iliyokazwa ubavuni. Na mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye ganzi, hatusubiri asubuhi, kwa sababu nyama ya mguu isiyopata damu kabisa inaanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Kutoka hapa Arua hadi Kampala saa 6 hazitoshi. Madaktari wa mishipa nchini mwetu ni wachache, na karibu wote wako Kampala. Hili linaniuma, na nitaendelea kulisema mbele ya kila mkubwa atakayenipa nafasi: anahitajika mpasuaji wa mishipa huku kaskazini, kabla hatujamkata miguu mama mwingine ambaye angeweza kutembea.

Tumbaku nayo niitaje, maana tumeilima huku kwetu West Nile kwa miaka mingi na wako bibi zetu wanaovuta kiko. Ateri iliyochomwa ikiongezewa moshi, kisukari na presha isiyotibiwa, inaziba mapema zaidi. Aliyechomwa mionzi aache kiko.

Turudi kwenye karatasi, ambayo ndiyo iliyonileta. Ninyi mliotibiwa miaka tofauti mna karatasi za mahali tofauti. Kuna waliochomwa kwenye kobalti ya zamani Mulago. Ile ilipoharibika kabisa mwaka 2016, nchi ilibaki bila mashine, na wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Hospitali ya Aga Khan ya kule ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo. Mashine mpya ya Mulago ilizinduliwa Januari 2018, baadaye zikaja nyingine za kisasa zaidi. Wengine jamaa zenu walichangishana mkaenda India. Daktari atakayekupokea miaka 15 kuanzia leo hataweza kuzitafuta habari zako nchi tatu huku mguu wako unapoa. Wewe ndiye mwenye faili.

Ukifika nyumbani leo itafute. Iwe inasema sehemu gani ya mwili, upande gani, mwaka gani, hospitali gani, mara ngapi, dozi ngapi. Kama haipo, rudi ulikotibiwa au mtume mtu akakuombee muhtasari, ni haki yako. Ipige picha, mtumie mtoto wako mmoja na shemeji mmoja. Na ukikaa mbele ya mganga yeyote, hata wa malaria, sema bila kuulizwa: mimi nilichomwa mionzi, mwaka fulani, hapa. Weka mkono pale ulipochomwa. Kama ni mahali pa aibu, mwombe mkwe atoke nje, kisha useme.

Sasa vueni kiatu cha kushoto. Wote, na wanaume pia. Weka vidole viwili juu ya mgongo wa wayo, kwenye mstari kati ya kidole gumba na kidole cha pili, panda kidogo kuelekea kifundo. Usikandamize. Subiri. Unasikia kitu kinagonga polepole? Wengine mapigo yao hapo yamejificha bila ugonjwa wowote, basi jaribu nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Fanya na mguu wa kulia, ulinganishe. Kwa waliochomwa kwapani, linganisheni vifundo vya mikono.

Ambao hamkupata kitu, msiogope, njooni kwangu. Nimeweka meza pale barazani, nina ile mashine ya kusikiliza damu, na wauguzi wenzangu wawili watanisaidia. Tutaanza na waliotoka Koboko na Yumbe ili wasichelewe magari. Dada yangu ndiye yule aliyekaa karibu na dirisha, mwenye gomesi ya kijani. Amekubali kila anayetaka aweke kiganja kwenye ubavu wake wa kushoto, juu ya nguo, asikie damu inavyopita kwenda mguuni. Mpoleeni tu, msimbonyeze.